Kanyagio la Bluu

Katika chumba cha upasuaji cha hospitali ile ya misheni, neno "kata" halikutamkwa. Lilikatazwa kwa wote: kwa daktari, kwa muuguzi, kwa mtaalamu wa usingizi, hata kwa mfagizi aliyeingia na ndoo yake baada ya kazi kwisha. Aliyetaka nyama ipasuliwe alisema "pasua". Aliyetaka damu ikaushwe alisema "kausha". Aliyetaka moto ukome alisema "acha". Maneno hayo matatu yaliandikwa kwa rangi nyeusi kwenye ubao mweupe uliotundikwa juu ya mlango, na hapakuwa na mtu hospitalini asiyejua sababu yake.

Sababu ilikuwa hii. Katika lugha yetu mtu hukata mkate, na mtu huyohuyo hukata umeme. Neno moja laanzisha kazi, na neno lilelile laizima. Nyumbani jambo hilo halimdhuru mtu. Lakini mahali ambapo umeme wenyewe ndio wembe, anayesema "kata" amesema mambo mawili yanayopingana, na anayemsikia hulazimika kuchagua. Mzee mmoja wa Mwembesongo, aliyekuja kutolewa uvimbe mgongoni, alirudi kwake na kovu la moto lenye upana wa kiganja, kwa kuwa daktari mgeni alisema "kata" akitaka mashine izimwe, na aliyesimama penye mashine akaongeza moto.

Aliyeiandika sheria hiyo alikuwa Leonard Kobelo, fundi sanifu wa vifaa tiba, Mluguru wa Mgeta, mtu wa miaka hamsini na mmoja, mwembamba, mwenye kunena kidogo na kuandika kila jambo daftarini. Ilimpasa yeye kuiandika, maana chombo kilichoilazimu sheria hiyo kilikuwa chake.

Vibano vya umeme vya kupasulia na kukaushia damu vilivyotoka ng'ambo vilikuwa vya kutumiwa mara moja na kutupwa. Hospitali haikuwa na uwezo wa kuvitupa. Ilivisafisha kwa mvuke na kuvitumia tena na tena, mpaka vitufe vyake vikaoza na ganda la plastiki likapasuka, na pale penye ufa umeme ukatoka na kuunguza nyama isiyokusudiwa. Leonard alijifungia karakanani miezi minane. Akatengeneza kibano cha chuma kisichoshika kutu, akakivika ganda gumu la kuzuia umeme, jeupe, ili ufa wowote uonekane hata kwa macho ya mtu aliyechoka. Vitufe vyote akaviondoa mkononi mwa daktari, kwa kuwa mvuke hauvumilii vitufe. Tena yalikuwapo makanyagio mawili chini ya meza, la njano la kupasua na la bluu la kukausha, ambayo maji ya sakafuni yalikuwa yameyaharibu mara mbili. Hayo akayahamishia juu ya ubao mkavu kando ya mashine, hatua nne kutoka mezani. Tangu hapo daktari alitamka, na muuguzi akakanyaga.

Daktari Editha Mayunga, mpasuaji wa hospitali, hakupendezwa.

"Mtani," alimwambia Leonard siku ya kwanza, "mguu wangu unanitii kuliko mguu wa mtu mwingine. Nirudishie makanyagio yangu."

"Mguu wako unakutii, Daktari. Maji hayakutii."

"Mluguru aliyezoea kuning'inia mlimani, sakafu tambarare inamtia kizunguzungu."

"Na Mnyamwezi aliyebeba mizigo ya watu kwa miguu hadi pwani, leo anaona uzito wa kubeba neno moja."

Daktari alicheka, kwa kuwa utani una haki zake, akakubali. Sheria ya maneno ilipokwisha kuandikwa, kibano kikafanya kazi miezi kumi na tisa bila kumdhuru mtu. Wageni walikuja kukitazama, wakakishika, wakakipiga picha. Leonard alijibu maswali yao kwa ufupi, kisha jioni akiwa peke yake alikitoa tena kabatini na kukitazama.

Mwezi wa Juni akaletwa Witness.

Witness alikuwa binti wa Kristina, dada mkubwa wa Leonard, na alifundisha darasa la kwanza katika shule moja ya Mgeta, ambako kutwa nzima mwalimu husoma kwa sauti na watoto sitini humfuatisha. Shingoni alikuwa na rovu. Lilianza kama punje ya njegere akiwa msichana, likafikia ukubwa wa ngumi, na sasa akilala chali lilimkaba hata akaamka akitweta. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na saini yake mwenyewe ilitosha kisheria. Lakini kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, ambao wao huuita lukolo, na mjomba ndiye mdomo wa mpwa wake: humsemea kwa wachumba, humsemea kwa wazee, na siku hizi humsemea hata kwa madaktari. Kristina hangekubali binti yake apandishwe kitandani mpaka ndugu yake atie saini chini ya ile ya mtoto.

Daktari Editha aliwaeleza bila kuficha. "Nyuma ya tezi hii, kila upande, upo mshipa wa fahamu mwembamba kama uzi wa kushonea. Huo ndio unaoendesha sauti. Moto ukikaa jirani nao sekunde chache zaidi ya inavyotakiwa, mshipa unapikwa. Na mshipa uliopikwa haurudi ulivyokuwa."

Kristina alimgeukia ndugu yake. "Chombo chenyewe ndicho ulichokitengeneza wewe?"

"Ndicho."

"Basi unakijua."

"Ninakijua, dada."

"Kwa hiyo mimi sina hofu," akasema Kristina, akafunga kitenge chake vizuri kana kwamba neno limekwisha.

Leonard alitia saini. Hofu ambayo dada yake hakuwa nayo, yeye alikuwa nayo tangu siku sita nyuma, na sababu yake ilikuwa ndogo mno hata angeona haya kuitaja. Kanyagio la bluu lilikuwa limechelewa kurudi.

Halikuchelewa sana. Alilikanyaga katika ukaguzi wa kila juma, akaondoa mguu, na mlio wa mashine ukaendelea kwa muda wa kuvuta pumzi moja, kama mtu aliyeitwa akaitika kwa uvivu. Alilifungua. Ndani, vile vidole viwili vya shaba ambavyo hugusana ili umeme upite vilikuwa vimepata weusi wa kuungua. Swichi mpya ilipaswa kuagizwa Dar es Salaam. Akaiagiza, na hakupewa siku ya kuipokea. Ndipo akavisugua vidole vile kwa msasa laini, akavipangusa kwa spiriti, akalifunga kanyagio na kulikanyaga mara ishirini. Mara zote ishirini lilirudi. Daftarini akaandika tarehe, na mbele yake neno moja: Linafaa.

Alijua kwamba shaba iliyokwisha kusuguliwa huungua upesi zaidi. Alijua pia kwamba akiandika "Halifai", chumba cha upasuaji kingefungwa wiki mbili au tatu, na Witness hakuwa na pumzi za wiki tatu. Hayo mawili yalikuwa kweli. La tatu hakulisema hata moyoni: kwamba hakutaka miezi kumi na tisa iishie kwenye kanyagio. Hakumwambia mtu.

Upasuaji ulipangwa siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi. Ukungu ulikuwa bado haujaachia vilele, na Kristina aliketi barazani akiwa na chupa ya uji aliomkorogea binti yake, ingawa aliambiwa hatakula mpaka kesho yake. Leonard alipaswa kubaki karakanani. Saa tatu kasoro dakika chache alikuwa amevaa kofia na barakoa, amesimama mlangoni pa chumba cha upasuaji.

"Ndugu wa mgonjwa haingii humu, mtani," alisema Daktari Editha akiwa ameinua mikono yake iliyooshwa.

"Ninaingia kama fundi."

Daktari alimwonyesha sakafu kwa kiwiko. "Basi simama kama fundi. Nyuma ya mstari mwekundu. Na huo mdomo wa mjomba uuache nje."

Akasimama nyuma ya mstari uliochorwa sakafuni, hatua saba kutoka kwenye mashine. Kichwani pa meza aliketi Bwana Hamisi, mtaalamu wa usingizi, mkono wake mmoja ukiwa juu ya mpira wa hewa. Penye makanyagio alisimama muuguzi Anastasia. Alikuwa mwanamke makini, mwenye uzoefu wa miaka kumi na miwili, lakini katika hospitali ile alikuwa na miezi mitatu tu. Ile miaka mingine aliitumikia kwingine, chini ya madaktari waliosema "kata" kila siku ya Mungu, nao walimaanisha kupasua. Leonard alilijua hilo. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha maneno matatu, akamsikiliza akiyarudia.

Witness alikuwa amefunikwa kote isipokuwa shingo. Kwa namna fulani jambo hilo lilikuwa jema, kwani shingo haina jina.

"Pasua," alisema Daktari.

Anastasia akakanyaga la njano. Mashine ikatoa mlio wake wa juu, na uzi wa moshi ukapanda kuelekea taa.

"Acha. Kausha."

Mlio mnene, wa chini. Hilo lilikuwa la bluu.

"Acha."

Kimya kikaja palepale. Leonard alitoa pumzi. Akaanza kuhesabu. Hakuhesabu maneno, alihesabu nafasi iliyokuwapo kati ya "acha" na kimya. Mara ya kwanza hapakuwa na nafasi. Mara ya pili hapakuwa nayo, wala mara ya tano, wala mara ya kumi na mbili. Jasho lilimtiririka ndani ya kofia, akaliacha. Harufu ya nyama iliyoungua ikajaa chumbani, harufu ambayo kwa miaka mingi aliichukulia kuwa ya kazi tu.

Nusu ya kwanza ya saa ikapita, kisha ya pili. Daktari Editha aliongea kwa utulivu, kama mtu anayeshona. "Huu hapa," alisema mara moja, akamwonyesha msaidizi wake kwa ncha ya mkasi. "Mweupe. Huo ndio wenyewe. Hapa tunakwenda polepole."

Leonard alielewa kwamba mshipa wa sauti umefikiwa.

"Kausha. Kidogo tu. Acha."

Mlio ukakoma, ila safari hii palikuwa na nafasi. Ilikuwa ndogo kama kupepesa jicho, na hakuna mwingine aliyeisikia. Sasa ulikuwa wakati wa kusema. Angeweza kusema, "Daktari, simama, tubadilishe," na maneno hayo yangekuwa halali kwa kila sheria ya chumba kile. Lakini angeulizwa sababu, na sababu ilikuwa daftarini, kwa mwandiko wake mzuri. Akajiambia ni mara moja tu. Akajiambia kwamba amesikia vibaya.

"Kuna kimshipa cha damu hapa, kimejificha nyuma yake," alisema Daktari. "Nimekishika. Nikikiachia kitarudi ndani na sitakiona tena. Kausha."

Mlio mnene.

"Acha."

Mlio ukaendelea.

"Acha," alisema tena Daktari, bila kuinua sauti. Mkono wake ulikuwa umeganda juu ya shingo ile. Akikiachia kile kimshipa, damu; akikishika, moto. "Anastasia. Acha."

Anastasia alikuwa amekwisha kuinua mguu. Alikuwa akiutazama mguu wake uliokuwa hewani, kisha kanyagio, kisha mguu tena, kama mtu anayeona kivuli chake kikitembea peke yake. Kanyagio la bluu lilikuwa limelala chini. Halikurudi.

Leonard alimwona mtoto wa dada yake chini ya lile shuka. Kinywa kikamfunguka chenyewe, na kilichotoka hakikuwa neno la fundi aliyeandika sheria. Lilikuwa neno la nyumbani, lile ambalo mtu wa Morogoro humwambia mwenziwe anapoona cheche ukutani.

"Anastasia, kata. Kata, kata."

Na Anastasia, mwenye miaka kumi na miwili ya utii miguuni mwake, akakanyaga la njano.

Mashine ile ilikuwa ya zamani. Ilipopewa amri mbili iliifuata iliyo kali zaidi. Mlio ukapanda. Kitu kikalia kwa sauti ya mafuta yanayorukia sufuria, na damu ikafumka. Bwana Hamisi aliruka kutoka kwenye kiti chake, akashika waya wa mashine na kuung'oa ukutani pamoja na kipande cha plasta. Kikaja kimya. Yote hayo hayakuchukua muda wa Baba Yetu moja, wala hata nusu yake.

"Shashi," alisema Daktari Editha. "Nyingine. Nipe uzi. Mkono wako toa hapo, nipe uzi." Hakumtazama mtu. Aliyefanya kazi baada ya hapo alikuwa kama mpasuaji wa zamani za mabibi zetu, kwa vidole na nyuzi tu, fundo juu ya fundo, kwa muda mrefu. Damu ilipotulia alisimama wima. "Upande wa kushoto hatuugusi leo. Tunafunga."

Leonard alikuwa bado nyuma ya mstari mwekundu. Mikono yake ilikuwa imejikunja kifuani kama ya mtu anayesikia baridi.

Baadaye, ukumbini, Daktari alivua barakoa. Utani haukuwamo tena usoni mwake. "Lile kanyagio, ulijua?"

"Nilijua."

"Na neno, ni nani aliyelisema?"

"Ni mimi."

"Nilisikia kuwa ni wewe. Nilitaka usikie na wewe." Akaikunja barakoa kiganjani. "Kaandike. Yote. Na Anastasia usimtaje kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa."

Aliandika kurasa nne. Lakini ripoti ni karatasi, na barazani alikuwapo Kristina.

Witness alizinduka alasiri. Kristina alimwinamia, akamwita, na binti akafumbua macho. Akafungua kinywa ili aitike. Kilichotoka kilikuwa hewa, hewa inayokwaruza, kama pampu ya baiskeli iliyoharibika mpira. Akajaribu tena. Macho yake yakapanuka, akaushika mkono wa mama yake kwa nguvu.

"Mbona haongei?" Kristina alimwuliza ndugu yake. "Leonard. Mbona mtoto haongei?"

Leonard alimweleza palepale, mbele ya mgonjwa, akiwa amesimama. Alianza na kanyagio na zile mara ishirini. Akataja nafasi aliyoisikia akanyamaza. Akamalizia na neno. Hakusema kwamba alifanya hivyo kwa hofu, ingawa ilikuwa hofu. Kristina alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akakigeuza kiti cha wageni kando ya kitanda, akaketi akimpa mgongo.

Majuma matatu baadaye walikutana nyumbani kwa Kristina, Mgeta, ukoo peke yake. Alikuja Mikaeli, mdogo wao wa mwisho, dalali wa kabichi, ambaye alifika na gumboti zake zenye udongo na kuziacha mlangoni. Daktari alikuwa amekwisha kutamka hukumu yake: mshipa wa kulia umepikwa. Witness alinena kwa sauti ya kukwaruza, ambayo haikuvuka dawati la kwanza, na shule ilimpa kazi ya kupanga vitabu stoo. Kibaya zaidi, rovu la kushoto lilikuwa bado lipo na lilikua. Siku moja lingelazimika kutolewa, na hapo ukiguswa mshipa wa pili, mlango wa pumzi ungejifunga, na Witness angepumulia tundu lililotobolewa shingoni maisha yake yote.

Kristina hakupaza sauti. "Mjomba ni mdomo," alisema. "Tulikupa mdomo wa mtoto huyu siku alipozaliwa. Ulipotakiwa kusema, ulinyamaza. Ulipotakiwa kunyamaza, ukasema. Basi mdomo huo tunauchukua. Hutamsemea Witness kwa mtu yeyote, na hutamsemesha. Akikuamkia hutaitikia. Itakuwa hivyo mpaka atakapopasuliwa upande wa pili na kutoka, akiwa mzima au vinginevyo. Atakayemsemea ni Mikaeli."

Mikaeli alijikuna shingo. "Dada, mimi hospitali najua kupeleka kabichi tu."

"Utajifunza."

"Hata kusoma kwenyewe nasoma maandishi ya kwenye magunia."

"Mikaeli."

"Nimesikia, dada."

Leonard alisema, "Nimepokea." Yalikuwa maneno yake ya mwisho mbele ya Witness kwa miezi saba.

Mtu asiyetujua anaweza kudhani adhabu hiyo ilikuwa nyepesi. Aje ajaribu. Kila alipopanda Mgeta, Witness, aliyelelewa vizuri, alipiga goti kidogo na kusema kwa ile sauti ya kukwaruza, "Shikamoo, mjomba." Na Leonard alisimama mbele yake midomo imefungwa, salamu ikabaki hewani bila mtu wa kuipokea. Jirani mmoja aliona, akadhani amemtolea mpwa wake laana. Leonard hakuwa na ruhusa ya kueleza.

Hospitali nayo ilimtoa katika chumba cha upasuaji kwa mwaka mzima. Makanyagio yalirudishwa chini ya mguu wa daktari, katika sanduku lisiloingia maji, ambalo Leonard alilichora karakanani na fundi mwingine akalipeleka. Kibano cheupe kilifungiwa stoo.

Mwezi wa Januari alikuja daktari bingwa wa koo, Daktari Raphael, kwa kambi ya juma moja, na jina la Witness likawa la tatu katika orodha yake. Jioni ya kuamkia upasuaji waliitwa ofisini: Witness, Kristina, Mikaeli. Leonard alisimama ukutani, karibu na mlango, kama alivyoruhusiwa.

Daktari Raphael alieleza kwa haraka, kwa kuwa wengine walikuwa wakingoja. Akasogeza karatasi. "Kuna swali lolote kutoka kwa familia?"

Mikaeli alitazama karatasi kana kwamba ni mzani alioushuku. "Swali, Daktari, hatuna. Ninyi ndio mnaojua."

Ulimi wa Leonard ulisimama dhidi ya meno. Yalikuwapo maswali, na aliyajua yote kwa mpangilio wake. Moto utakuwa wa nguvu gani karibu na mshipa. Kanyagio limekaguliwa lini, na mkaguzi amefungua ndani au ametazama juu tu. Nani atakanyaga. Alimwona Mikaeli akiishika kalamu kwa ngumi, kama mtu anayetia alama gunia, akapiga hatua moja kutoka ukutani. Dada yake alikuwa akimtazama. Hakumfungulia kinywa.

Kalamu iligusa karatasi.

"Ngoja, mjomba mdogo," alisema Witness. Akavuta pumzi, kwa kuwa kila sentensi ilimgharimu pumzi. "Daktari, nina swali mimi. Huo moto, wa kuuwasha ni nani, na wa kuuzima ni nani?"

Daktari Raphael aliiweka simu yake mezani. "Ni mimi mwenyewe, kwa mguu wangu."

"Na mguu wako ukitoka, moto ukabaki?"

Daktari akavuta kiti karibu naye. "Mtu atasimama penye mashine, mkono kwenye swichi kubwa. Hana kazi nyingine."

"Utamwambia neno gani?"

"Zima."

"Mwambie usiku huu," alisema Witness. "Alizoee. Na pale karibu na mshipa wenyewe, je?"

"Hapo situmii moto kabisa. Upana wa kidole changu kila upande, ni uzi na mkasi."

Witness aliitikia kwa kichwa, akamsogezea Mikaeli karatasi. Mikaeli akatia saini polepole, akiandika jina lote.

Siku ya pili walingoja barazani kuanzia saa mbili hadi saa saba. Kristina hakuleta uji safari hii. Kila mlango ulipofunguliwa Leonard alisikia mlio mnene wa mashine kwa mbali, kisha kimya, kisha mlio, naye kila mara alihesabu nafasi iliyokuwa katikati, mpaka Mikaeli akamshika bega na kumwambia, "Kaka, acha kutikisa benchi. Unanitia kichefuchefu."

Saa saba na robo Daktari Raphael alitoka. Alisema mshipa wa kushoto ameuona, ameuzunguka, na ameuacha mahali pake.

Siku nne baadaye Witness aliruhusiwa. Alitoka wodini akitembea mwenyewe, bandeji shingoni, pumzi zake zikiingia na kutoka bila kelele. Sauti ilikuwa ileile ya kukwaruza. Ya kwanza hangeipata tena; hilo waliambiwa na wakaelewa. Mikaeli alibeba mfuko wake mpaka penye gari la kabichi lililokuwa likirudi mlimani tupu. Leonard aliwafuata nyuma, kama ilivyokuwa desturi yake kwa miezi saba.

Penye gari Witness aligeuka, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mjomba."

Leonard alisimama, midomo imefungwa. Kristina alikuwa amekwisha kupandisha mguu mmoja. Akaushusha tena.

"Leonard," alisema. "Ametoka. Umekwisha kulipa. Mwitikie mtoto."

Akafungua kinywa, na sauti haikuja upesi. Dereva alikuwa amekwisha kuwasha gari na Mikaeli akimpungia mkono asubiri.

"Marahaba," alisema.

Witness akainuka, akaingia garini.